Mbwa Mdogo wa Baba

Baba alihamia kwangu Kiseke, Mwanza, mwaka mmoja hivi baada ya mama kufariki. Hakuja kwa kupenda. Wadogo zangu walizungumza kwa simu wakakubaliana kwamba mzee wa umri ule hawezi kuachwa peke yake kule Kagera, akijipikia mwenyewe katikati ya migomba, akianguka bafuni pasiwe na wa kumwinua. Mimi ndiye mkubwa wao na nyumba yangu ina chumba cha ziada. Basi akaja na sanduku lake, redio, Biblia ya Kihaya iliyofungwa kwa mpira, na mikungu miwili ya ndizi, kana kwamba Mwanza ndizi hazijafika.

Maisha yake yote alilima kahawa. Kwangu hapakuwa na cha kulima. Nyumba yetu imekaa juu ya mawe kama nyumba nyingi za huku. Uani kuna majabali mawili makubwa, na udongo ulio katikati yake hautoshi hata tuta la mchicha. Asubuhi nilipokwenda kufundisha nilimwacha barazani. Jioni nilimkuta barazani. Nikimuuliza ameshindaje, alijibu ameshinda salama. Mume wangu anafanya kazi Geita na huja mara mojamoja, kwa hiyo mezani tulikuwa wawili, na tulizungumza habari za mvua, za wagonjwa wa kijijini na za ibada ya Jumapili.

Lipo jambo ambalo hatukulizungumza. Mama aliugua saratani akaletwa Mwanza kutibiwa, na kwa wiki nyingi nilikuwa nampelekea uji wodini kabla ya kwenda shuleni. Siku moja nilifika mchana nikakuta anavalishwa nguo za safari. Madaktari walikuwa wamemweleza baba kwamba tiba imefika mwisho, kilichobaki ni kumtuliza maumivu, na baba alikuwa ameomba amrudishe nyumbani. Hakuwa ameniuliza. Jioni ile walipanda meli ya Bukoba. Mimi nilibaki na wanafunzi waliokuwa kwenye mitihani, na nilipofika kijijini kwa basi siku chache baadaye, mama alikuwa hai lakini hanitambui. Tukamzika. Sikumwambia baba neno, ila nililibeba moyoni, na nadhani alijua kwamba nalibeba.

Kwa hiyo aliposema jioni moja kwamba hajawahi kukaa kwenye nyumba isiyo na mbwa, nilifurahi kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema anataka kitu.

Mwalimu mwenzangu alinielekeza kwa mama mmoja wa upande wa Bujora, ambaye pamoja na mumewe hukusanya mbwa waliotupwa, huwatibu na kuwagawa kwa watu watakaowatunza. Tulikwenda Jumamosi. Ua wao ulikuwa na mabanda ya waya yaliyopangwa vizuri, na harufu ya dagaa wakichemka. Yule mama alitueleza wazi kwamba watoto wa mbwa aliokuwa nao walitupwa jalalani ndani ya kiroba, kwamba ameshawapa dawa ya minyoo, na kwamba wamechanjwa chanjo ya kwanza siku chache tu zilizopita. Bado nyingine. Akanionyesha mahali pa kutia saini kwamba nitazimalizia.

Nilidhani baba angechagua yule mweusi aliyekuwa akiwapanda wenzake kichwani. Akachagua wa rangi ya udongo, mwenye sikio moja lililosimama, aliyekuja polepole, akanusa kiatu chake, akakilalia. Baba hakuthubutu kusogeza mguu. Alikaa vile kwenye stuli mpaka sisi tulipomaliza mazungumzo.

"Huyu," akasema.

Njiani nilimuuliza tumwite nani. Akaniambia kwao mbwa hapewi jina mpaka ambwekee mgeni. Kabla ya hapo ni mbwa tu, anakula bure.

Kwa siku kadhaa nyumba yangu ilibadilika. Nikirudi shuleni nilisikia sauti ya baba tangu getini, akizungumza Kihaya, akimfokea mtu. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, yule mbwa mdogo ameng'ang'ania kamba ya kiatu chake, naye akimweleza kwa utaratibu kwa nini kamba haziliwi. Mezani alikuwa na habari. Mbwa alimkimbiza mjusi. Mbwa aliogopa jiko la mkaa. Mbwa amelala kwenye beseni la nguo.

Kisha asubuhi moja mbwa hakuamka kula. Macho yake yalikuwa yameshikana kwa tongotongo za kijani, pua imekauka na kupasuka, na nilipomshika tumbo nilihisi joto kama la mtoto mwenye malaria. Alikohoa kikohozi kidogo kikavu, akatuangalia kama anayetaka tumweleze ni nini kile.

Nilimwita daktari wa mifugo ambaye majirani wanaofuga ng'ombe wa maziwa humwita. Alikuja mchana, mtu mzima mpole, akamwamkia baba shikamoo kabla ya kumtazama mgonjwa. Alimpima joto, akambonyeza fizi, akageuza nyayo na kuzipapasa kwa kidole gumba kwa muda mrefu. Akasema anahofia ni distempa. Akatueleza kwamba ni ugonjwa wa virusi, kwamba huenda mbwa huyu aliupata jalalani kabla hata hajaokotwa, na chanjo ilimkuta tayari anao. Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo. Angempa dripu, dawa ya kuzuia vidudu vingine visije juu yake, na sisi tungemsafisha, tungemlisha, tungengoja.

Mimi nafundisha biolojia. Kirusi nimekichora ubaoni miaka mingi, nimewauliza wanafunzi kwa nini antibayotiki haikiui, nimewapa alama kwa jibu sahihi. Nilimsikiliza daktari nikawa naitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa, na nilikuwa nimeelewa. Kuelewa hakukunisaidia kitu.

Tulimlaza kwenye boksi sebuleni, juu ya khanga zangu za zamani. Asubuhi nilimfuta macho kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Niliponda nyama ya sato kwenye mchuzi wake, nikamtilia mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nusu akameza, nusu ikamwagika kifuani. Nikienda kazini baba alishika zamu. Alikuwa amekata kipande cha shuka akajifunga mapajani, akamweka pale, na kila alipokohoa alimwinua kidogo kichwa. Darasani nilijikuta nimeacha sentensi katikati. Simu ikitetemeka mkobani niliogopa kuitazama.

Yule mama wa Bujora nilimpigia kumwarifu. Kabla sijamaliza akasema mweusi naye anaumwa. Alikuwa ametenga mabanda, ameosha kila kitu kwa dawa, na sasa anakaa akiwatazama waliobaki mmojammoja, akisubiri nani atakayeanza kutoa makamasi. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Tukaagana.

Ajabu ni kwamba mbwa wetu alipona. Au sisi tulisema amepona. Homa ilishuka, macho yakafunguka, na jioni moja alitoka mwenyewe kwenye boksi, akaenda kwenye sahani ya baba iliyokuwa sakafuni, akala ndizi na maharage. Baba alicheka mpaka akakohoa. Daktari alipopita alifurahi, lakini alisema tusubiri kwanza, kwa sababu ugonjwa huu una tabia ya kuondoka mlango wa mbele na kurudi kwa mlango wa uani. Mimi sikutaka kulisikia lile. Nilinunua mkanda wa shingo, mwekundu, mkubwa kidogo ili aukulie.

Wiki mbili hivi tulikaa hivyo. Alikuwa mwembamba lakini mchangamfu, na alianza tena vita na kamba za viatu.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, ninachambua mchele barazani. Mbwa alikuwa amekaa kwenye jua karibu na mguu wa baba. Nilimwona anatafuna. Nilidhani amepata kitu, nikainuka nimtoe mdomoni, na mdomoni hamkuwa na kitu. Taya zilikuwa zinagongana zenyewe, harakaharaka, povu likitoka pembeni. Kisha akaanguka ubavu, miguu yote minne ikawa inakimbia hewani, na akajikojolea. Nilipiga magoti, nikaweka mikono juu yake, sikujua niiweke wapi. Baba alikuwa amesimama. Alikuwa anasema kitu kwa Kihaya, kilekile, anarudia. Nilikuja kugundua baadaye kwamba alikuwa anasema, basi, basi, yatosha.

Ilipokwisha, yule mbwa aliinuka akatembea moja kwa moja mpaka kwenye jabali, akaligonga kwa kichwa, akasimama pale ameegemea kama aliyesahau njia. Baba alikwenda kumchukua.

Daktari alisema virusi vimeingia kwenye ubongo. Alitupa vidonge vya kifafa, akasema wapo wanaotulia na kuishi, wengi hawatulii. Tujaribu. Vidonge vilimlevya, akawa anayumba, anaingia chini ya kiti na kushindwa kutoka. Lakini kifafa hakikukoma. Kilikuja asubuhi, kikaja mchana, kikaja nikiwa kazini. Katikati ya vipindi hivyo mguu wake mmoja wa mbele ulikuwa unarukaruka, hata usingizini, kama mtu anayegonga mlango bila kuchoka. Alikuwa bado anatufahamu. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Kila alipozinduka alitambaa kumtafuta baba, akaweka kidevu juu ya kiatu chake, na mguu ukaendelea kugonga sakafu.

Nilisoma kila nilichokipata kwenye simu. Nilimuuliza mwalimu mwenzangu wa kemia, nilimuuliza mfamasia, niliuliza watu ambao hawajawahi kufuga hata kuku. Jirani mmoja aliniambia nimnyweshe mafuta ya taa na nilimshukuru, nikaingia ndani nikalia jikoni, maana nilijua kwamba ningekuwa sijui kitu ningemnywesha, na angalau ningekuwa nimefanya jambo.

Jioni ya Alhamisi nilirudi nikakuta baba amekaa sakafuni. Baba hakai sakafuni, magoti hayamruhusu. Mbwa alikuwa mapajani pake, ametoka kwenye kifafa kirefu, macho yake wazi lakini hayatazami kokote. Shuka lilikuwa limelowa, na suruali ya baba imelowa pia. Niliweka mkoba chini nikaenda kuchukua maji na kitambaa. Niliporudi akasema, bila kuniangalia:

"Mwite daktari aje ammalize."

Nikasema bado anakula.

"Anakula kwa sababu unamtilia mdomoni."

Nikasema daktari mwenyewe alisema wapo wanaotulia. Nikasema vidonge havijafanya kazi vizuri, tungoje mpaka mwisho wa wiki, nikasema na mengine. Nilikuwa namfuta mbwa huku nasema, nafuta mahali ambapo tayari nimefuta. Baba hakunijibu. Na ukimya wake ndio uliolifungua lile nililolibeba.

"Kwa mama pia hukungoja," nikasema.

Nilitamani kulirudisha mara lilipotoka. Baba aliinamisha kichwa.

"Daktari wa wodini aliniuliza," akasema. "Wewe ulikuwa kazini. Akaniuliza, mzee, unaamuaje? Nikatazama nyuma, nikadhani kuna mtu mwingine anayeulizwa." Akamrekebisha mbwa kichwa kisining'inie. "Mama yako alikuwa anaogopa kila mlango wa wodi ukifunguliwa. Alikuwa ananishika hapa." Akaonyesha mkono wake juu ya kiwiko. "Nikasema twende nyumbani. Sijui kama nilifanya vizuri. Mpaka leo mwanangu, sijui. Ningejua, ningekuambia."

Nilikuwa nimejiandaa miaka miwili kumsikia akijitetea, na majibu yangu yote yalikuwa ya mtu anayejitetea. Nilikaa pale sakafuni karibu naye. Mbwa alianza kuzinduka, akanusa mkono wangu, kisha wa baba.

Asubuhi nilimpigia daktari. Nilimwomba mwalimu mwenzangu anishikie vipindi. Daktari alikuja, akamtazama mbwa kwa uangalifu uleule wa siku ya kwanza, akampapasa nyayo ambazo sasa zilikuwa ngumu kama ganda. Alisema kwa maoni yake hatarudi. Alisema pia kwamba hawezi kutuamulia, na akauliza nani kati yetu mwenye uamuzi. Baba alitazama chini. Mbwa alikuwa wake, lakini alinyamaza, na nikafahamu kwamba hawezi kulitamka lile kwa mara ya pili.

"Ni mimi," nikasema. "Mpe."

Daktari alitueleza kwamba kuna sindano ya kumlaza kwanza, kisha ile nyingine. Nilimshika mimi, baba akaweka kiganja juu ya kichwa chake. Ile ya kwanza ilipoingia, mguu uliokuwa ukigonga ulianza kupunguza mwendo, ukasimama. Ulikuwa umegonga siku nyingi kiasi kwamba sebule ilikuwa kama imezimwa redio. Baba alimwambia maneno machache kwa Kihaya, kwa sauti ya chini ambayo nilikuwa sijaisikia tangu wodini. Ile ya pili sikuitazama.

Uani kwetu hapachimbiki. Baba alijaribu kwa jembe nililoazima kwa jirani, na kila mahali jembe liligonga jiwe. Alihamia kona nyingine, likagonga. Nilimwambia tuache, akaendelea, jasho likimtoka, mpaka nikamshika mkono. Nikampigia yule mama wa Bujora, naye akasema tumlete kwake, mweusi naye amezikwa pale nyuma ya mabanda.

Tulikwenda na boksi mapajani kwa baba. Yule mama alitupokea na kutuonyesha mahali. Mumewe alitaka kuchimba, baba akamwomba jembe. Pale udongo ulikuwa mwekundu na laini, na jembe lilizama pigo la kwanza. Alichimba kama mtu wa shamba anavyochimba, bila haraka, akisafisha kingo. Hakuwa ameshika jembe kwenye udongo wa kweli tangu aje kwangu. Katikati ya kazi alisimama, akachukua donge akalisagia kiganjani.

"Udongo mzuri huu," akamwambia yule mwanamume. "Mnapanda nini?"

Wakazungumza habari za mihogo na migomba huku mimi nimesimama na boksi mikononi. Sikuchukia. Nilimwacha azungumze. Kisha akanyoosha mikono, nikampa, akamlaza yeye mwenyewe na kumfukia.

Yule mama alinisindikiza getini akaniambia wamebaki wawili, na mmoja tangu asubuhi hajala. Hakuomba ushauri, na mimi sikuwa nao. Nilimshika bega tukaagana.

Miezi imepita. Baba hajaomba mbwa mwingine, nami sijamuuliza. Bado anashinda barazani, ingawa baadhi ya Jumamosi hupanda gari kwenda Bujora kumsaidia yule bwana na migomba yake, na hurudi na matope kwenye viatu. Zile chupa za dawa nilizitupa. Mkanda mwekundu sijui uko wapi, nadhani baba anajua.

Kuhusu mama tumezungumza mara moja tu tangu siku ile. Tulikuwa tunakula, nikamuuliza safari ile ya meli ilikuwaje, maana sikuwahi kuuliza. Alisema mama alilala karibu njia nzima. Alisema kulipopambazuka, wakikaribia bandari ya Kemondo, alifumbua macho akauliza kama ile ni milima ya nyumbani. Baba akamjibu ndiyo. Akaniambia kulikuwa na ukungu siku ile, na yeye mwenyewe alikuwa haoni kitu.

Nilitaka kumuuliza kama mama alikuwa na maumivu, na kama aliniulizia. Nilimtazama akitenga miiba ya samaki pembeni ya sahani, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Sikumuuliza. Nadhani angeniambia kweli, na sijajua bado kama naweza kuisikia.